Ekzosi kufungwa bandeji: bomba au noma?

Si umeshaiona? Pikipiki au gari lina bomba la moshi lililozungushiwa utepe mweupe, mweusi au wa rangi ya shaba, kama mguu wa mtu aliyetoka hospitali. Kijiweni wanaisifia. Mmoja atakwambia inaongeza nguvu, mwingine atasema inazuia kuungua, wa tatu atasema ni mapambo tu. Wewe fundi mwanafunzi unapewa roli na mkasi, unaambiwa: "Funga hiyo, mteja anasubiri."

Kabla hujaanza kuzungusha, hebu tukae chini tuongee. Bandeji hii ina faida zake, na ina hasara zake. Baadhi ya hasara zinaangukia bomba, lakini nyingine zinaangukia ngozi yako, macho yako, mapafu yako na mguu wa abiria wako.

BANDEJI HII INAFANYA NINI?

Gesi zinazotoka kwenye injini ya petroli ikiwa inavuta mzigo zinaweza kufika nyuzijoto 600 hadi 900. Gesi hizo zinapita ndani ya bomba, bomba linapata moto, na moto huo unatoka nje kuelekea kila kilicho karibu: nyaya, mipira, tenki, mguu.

Bandeji ya ekzosi ni kitambaa kisichoshika moto. Nyingi zimefumwa kwa nyuzi za kioo, na watengenezaji huandika kuwa zinavumilia kiasi cha nyuzijoto 650. Nyingine zimefumwa kwa nyuzi za mawe ya volkeno yaliyoyeyushwa, na hizo huvumilia zaidi. Kazi yake ni kama ya blanketi: linazuia joto lisitoke.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye siri ya mambo yote. Bandeji HAIONDOI joto. Inalifungia ndani. Joto ambalo lingetoka nje sasa linabaki kwenye gesi na kwenye chuma cha bomba. Ukielewa hilo, faida na hasara zake zote utazijua mwenyewe.

FAIDA ZAKE

Tuwe wakweli, watu wa magari ya mbio hawaitumii kwa ujinga.

• Chini ya boneti kunapoa. Hewa inayoingia kwenye injini haichemki sana, na nyaya, mipira na stata vilivyo karibu na bomba vinadumu zaidi.

• Gesi zikibaki na joto zinatoka kwa kasi. Kwenye injini yenye turbo hii inasaidia, kwa sababu turbo huzungushwa na gesi hizohizo.

• Dereva hapikwi. Katika magari ambayo bomba linapita karibu na sakafu, joto linaloingia ndani linapungua.

• Ukigusa kwa bahati mbaya, kitambaa hakikuunguzi haraka kama chuma kitupu.

Lakini kumbuka gari la mbio lina kundi la mafundi. Linakaguliwa kila baada ya shindano, na bomba likichakaa linatupwa, linawekwa jipya. Wewe bomba lako unataka likae miaka. Na kama pikipiki yako ni ya cc 100 hadi 150, usitegemee kwamba bandeji itaigeuza kuwa ndege. Tofauti ya nguvu hutaisikia.

HASARA KWA CHOMBO

Kutu. Kitambaa kinanyonya maji kama sponji. Mvua ikinyesha, ukipita kwenye dimbwi, ukiosha pikipiki, maji yanakaa kati ya kitambaa na chuma. Chuma cha moto, maji na hewa: hapo kutu imepata nyumba. Mkaao pwani, yaani Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, mnayo na chumvi ya bahari juu yake. Bomba la chuma cha kawaida linaweza kuoza kimyakimya ndani ya bandeji, na nje likaonekana zuri tu.

Nyufa. Kwa kuwa joto limefungiwa ndani, chuma kinapata moto kuliko kilivyotengenezewa. Kikipata moto na kupoa mara nyingi, kinachoka na kupasuka, hasa kwenye maungio yaliyochomelewa. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji wa mabomba hukataa dhamana ukishalifunga.

Moto. Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Gasketi ikivuja oili, au petroli ikidondoka kutoka kwenye kabureta, kwenye bomba tupu utaona moshi na utanusa harufu, utajua kuna tatizo. Kwenye bandeji, kitambaa kinaifyonza oili na kuishika. Unajua utambi wa jiko la mafuta ya taa unavyofanya kazi? Ni hivyohivyo. Kitambaa chenyewe hakiungui, lakini oili iliyomo inaungua, na juu yake lipo tenki, na juu ya tenki umekaa wewe.

KUMBUKA: Bandeji iliyolowa oili au petroli haisafishwi. Injini izimwe, ipoe, bandeji itolewe, na mahali panapovuja patengenezwe kwanza.

NA MWILI WAKO JE?

1. Ngozi na macho

Ukikata nyuzi za kioo, vipande vidogovidogo vinaruka. Vinachoma ngozi kama upupu, vinawasha macho, vinakereketa koo. Mafundi wengi wanafikiri ni "mzio tu". Si mzio, ni vipande vya kioo vilivyochoma ngozi.

Nyuzi za kioo za aina hii hazipo kwenye orodha ya vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilizipitia mwaka 2001 na kuziweka kwenye kundi la vitu visivyoweza kuainishwa kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo usikimbie ukiiona roli ya bandeji. Lakini hiyo haimaanishi uvute vumbi lake kama hewa ya asubuhi.

Ukifanya kazi hii:
• Vaa glavu, shati la mikono mirefu, miwani na barakoa nzuri ya vumbi. Leso mdomoni haitoshi.
• Kazia nje, penye hewa, si kwenye kona ya gereji.
• Soma maelekezo ya pakiti. Aina nyingi za nyuzi za kioo hulowekwa kwanza kwenye maji, na hilo hupunguza vumbi na kuwashwa.
• Usipulize vumbi kwa kompresa. Futa kwa kitambaa kibichi.
• Ukimaliza, suuza ngozi kwa maji yanayotiririka bila kusugua. Ukisugua, unazizamisha zaidi.
• Nguo za kazi zifue peke yake. Usimpelekee mama au mdogo wako vipande hivyo kwenye beseni moja na nguo za mtoto.

Mara ya kwanza injini ikiwashwa baada ya kufunga, bandeji hutoa moshi na harufu kali. Hiyo ni gundi na mafuta ya kiwandani yanayoungua. Fanyia nje, usimame mbali mpaka uishe.

2. Mapafu: jihadhari na bandeji za ZAMANI

Hapa hatutanii. Zamani mabomba ya moto yalikuwa yakifungwa kwa kamba na kitambaa cha asbesto. Utaweza kukutana nayo kwenye magari ya zamani sana, jenereta kuukuu, injini za mashine za kusaga na za boti. Asbesto husababisha saratani ya mapafu, saratani ya ngozi nyembamba inayozunguka mapafu, na makovu ndani ya mapafu yanayomfanya mtu ashindwe kupumua. Uingereza ilipiga marufuku aina ya mwisho iliyokuwa ikitumika mwaka 1999, na marufuku ya Umoja wa Ulaya nzima ilianza mwaka 2005. Lakini marufuku hayaifuti ile iliyokwisha kufungwa kwenye bomba miaka mingi iliyopita.

Ubaya wa asbesto ni kwamba haina haraka. Huwashwi, hukohoi siku hiyo. Ugonjwa unaweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 hata 40 na zaidi. Kijana anayevuta vumbi hilo akiwa na miaka 18 anaweza kuja kuugua akiwa na wajukuu. Na kama anavuta sigara pia, hatari ya saratani ya mapafu inapanda mara nyingi zaidi.

Kwa macho huwezi kutofautisha asbesto na kitambaa kingine kilichozeeka. Kwa hiyo sheria iwe moja: bandeji kuukuu ya kijivu inayomeguka, ambayo hujui ilifungwa lini, USIIKATE, USIIPIGE MSASA, USIIPULIZE, USIIFAGIE ikiwa kavu. Iache, mwambie bosi wako, na iulizwe ofisi inayoshughulikia usalama kazini kabla ya kuigusa. Bosi akikasirika? Mwambie kwa heshima: "Mzee, hata wewe unapumua humuhumu."

3. Gesi isiyo na harufu

Moshi wa injini una gesi inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Ikiingia mwilini inashikana na damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni inavyoshikana nayo. Yaani damu inabeba sumu badala ya hewa safi, na wewe hujui.

Inahusianaje na bandeji? Bomba likitoboka au kupasuka chini ya bandeji, huoni tundu. Sauti ya kuvuja nayo inafifishwa. Gesi inaweza kupenya kwenye matundu ya sakafu na kuingia ndani ya gari wanamokaa watu, vioo vikiwa vimefungwa kwa sababu ya mvua au kiyoyozi.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuchoka na usingizi. Wengi husema "malaria hiyo". Lakini ukiona dalili hizo zinakuja mkiwa ndani ya gari na kupungua mkishuka, au zimewapata watu wawili watatu kwa pamoja, zima injini, tokeni nje kwenye hewa, na wahini hospitali. Mjamzito asisubiri hata kama anajisikia nafuu, maana mtoto aliye tumboni huumia zaidi. Na siku zote: usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa milango.

MGUU WA ABIRIA

Wengi wanaofunga pikipiki wanasema wanafanya hivyo ili abiria asiungue. Nia ni nzuri. Kuungua ni jambo la kweli: kovu la mviringo upande wa ndani wa mguu wa kulia, chini ya goti, limeenea kiasi kwamba baadhi ya watu wanalifanyia utani. Lakini mguu unaweza kukaa wiki kadhaa bila kupona, na kidonda kikiingia uchafu ni matatizo.

Fahamu hili: maji ya nyuzijoto 60 yanaweza kuunguza ngozi kwa undani katika sekunde 5 hivi. Kwa nyuzi 70, sekunde moja inatosha. Sasa bomba la pikipiki iliyotoka safari ni la moto kuliko hapo mara kadhaa. Bandeji inapunguza ukali wa mguso, lakini sehemu ya nje nayo inakuwa ya moto. Si godoro la kuegemeza mguu. Tena sailensa, ambayo ndiyo mara nyingi huwa karibu na mguu wa abiria, mara nyingi haifungwi. Hufungwa kipande cha mbele tu. Basi umefunga pale ambapo abiria hagusi!

Kinachosaidia zaidi ni rahisi. Utafiti wa Ugiriki uliochapishwa mwaka 2005 ulichunguza majeraha ya ekzosi za pikipiki na kukuta kwamba wengi huungua mguu wa kulia chini ya goti, na mara nyingi ni wakati wa kupanda au kushuka. Ushauri uliotokana nao unafaa hata kwetu:

• Kinga ya bati juu ya bomba, iliyoachiwa nafasi ya hewa katikati. Pikipiki nyingi hutoka nayo kiwandani. Ikianguka, irudishe, usiiuze kama chuma chakavu.
• Panda na kushuka upande wa KUSHOTO, kwa sababu pikipiki nyingi zina bomba upande wa kulia. Na kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto, huko ndiko pembeni mwa barabara, magari hayakufikii.
• Suruali ndefu. Dada mwenye sketi au kanga, jifunge khanga ya pili miguuni, lakini ihakikishwe haiendi kwenye gurudumu au mnyororo.
• Watoto wadogo: miguu yao hufika palepale kwenye bomba. Na wakati pikipiki imeegeshwa nyumbani, igeuze bomba lielekee ukutani.

UKIUNGUA, FANYA HIVI

Weka sehemu iliyoungua chini ya maji safi ya baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Ndiyo, 20, si mbili. Kama hakuna bomba la maji, mimina polepole kwa kikombe. Hata kama umechelewa, maji bado husaidia ndani ya saa 3 za kwanza. Vua vikuku, soksi na viatu mapema kabla hapajavimba, ila nguo iliyogandana na ngozi usiivute.

Funika kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi au mfuko safi wa plastiki. Usitumbue malengelenge.

USIPAKE dawa ya meno, yai, unga, samli, mafuta ya taa, asali ya dukani wala majivu. Barafu pia hapana. Vitu hivi vinashika joto au vinaleta uchafu, na nesi atalazimika kuvisugua ukiwa macho.

Nenda zahanati au kituo cha afya kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja chako, limekuwa jeupe au jeusi, haliumi kabisa (maana yake mishipa ya fahamu imeungua), lipo kwenye kiungo kama goti au kifundo, au aliyeungua ni mtoto. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda.

SASA NIFUNGE AU NISIFUNGE?

Jiulize maswali haya:

Injini inavuja oili au petroli? Kama ndiyo, usifunge.

Bomba lina kutu, tundu au ufa? Usifunge. Bandeji si plasta ya kuzibia bomba bovu.

Chombo kinalala nje, kinapita matope na mvua kila siku? Hasara itazidi faida.

Shida yako ni mguu wa abiria? Weka kinga ya bati.

Una gari lenye turbo, bomba la chuma kisichoshika kutu, na nyaya zinaungua kwa joto? Hapo bandeji ina maana. Ifungwe kwa klipu za chuma zisizoshika kutu, si kwa waya wa kawaida wala plastiki, na usifunge kile kifaa cha kusafishia moshi kilichopo katikati ya bomba, kinaweza kupata joto kupita kiasi. Kila unapofanya sevisi, kagua kama imelowa oili, imelegea au imeungua.

Na wewe uliyepewa roli na mkasi? Kama hujapewa glavu, miwani na barakoa, una haki ya kuviomba kabla ya kuanza. Glavu zina bei, lakini bei yake inajulikana leo. Bei ya jicho au pafu utakuja kuambiwa baadaye, na hakuna duka la spea linalouza.

Vijiweni mkibishana tena kuhusu nguvu ya injini, ulizaneni na hili: ni nani kati yenu anayepanda pikipiki kwa upande wa kushoto, na ni nani anayejua zile dakika 20 za maji? Atakayejibu vizuri, huyo ndiye fundi.